Ndiyo Niliyoisema Makutano

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Shule zimefunguliwa. Nimetoa daftari moja kwenye kabati la darasa la sita na kuandika jina langu juu yake: Mwalimu Regina Kanana. Humu nitaandika yale ninayodhani watu wameniambia, ili baadaye nilinganishe na kilichotokea.

Nimeanza kwa sababu ya asubuhi ya leo. Kwenye mkutano wa walimu, Bwana Ngari, mwalimu mkuu wetu, alinitazama akasema kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Saa nne nikapita kwenye ubao wa matangazo, nikakuta mimi ndiye msimamizi wa kwaya ya shule muhula huu. Sijui nilikubali lini. Nadhani ni pale.

Watu wa siku hizi wanamumunya maneno.

Alhamisi, 9 Septemba

Mume wangu Mbae amekula kimya. Nimemuuliza kama kuna kitu nimemkosea. Akasema maneno mawili matatu huku ameinama anafungua kamba za viatu, akatoka. Sijui alisema nini. Kwa jinsi alivyofunga mlango, sidhani alisema hapana.

Jumamosi, 11 Septemba

Daftari ni langu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kujidanganya humu. Watu hawamumunyi. Mwezi wa nane nilikwenda hospitali Meru, nikamwambia Mbae nakwenda kuchukua vitabu. Mtaalamu wa masikio alinivalisha vitu kama vikombe kichwani, akanitaka niinue mkono kila nikisikia mlio. Niliinua mkono mara chache sana. Mwishoni akaniandikia kwenye karatasi: la kushoto karibu limekwisha, la kulia linafuata, na dawa hakuna. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni. Kinapatikana Nairobi kwa shilingi elfu thelathini.

Nina miaka arobaini na tatu. Binti yetu Mukami yuko bweni huko Embu na karo yake haingoji. Elfu thelathini sina. Na mwalimu asiyesikia, sijui wanampeleka wapi.

Jumanne, 14 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Niliangalia midomo. Wote walifungua wakati mmoja, nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 18 Septemba

Nimetoka Meru sasa hivi na kichwa kinazunguka, kwa hiyo nitaandika kila kitu.

Nilikuwa nimepeleka mtihani wa katikati ya muhula kupigwa chapa kwa Misheck. Huyu Misheck ana chumba pale mtaa wa Makutano mjini, juu ya duka la pembejeo. Ana kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, na tangu Julai ameandika kwenye kibao chake: NUNUA KITU POPOTE DUNIANI. Ni kijana wa miaka kama thelathini, aliwahi kuwa karani mahakamani, na huongea huku penseli iko mdomoni. Kwa mtu kama mimi, penseli mdomoni ni adhabu.

Nikamwandikia kwenye karatasi: vifaa vya kusikia, bei gani huko? Nikamwambia ni vya shangazi yangu.

Akaunganisha simu na kompyuta. Alinionyesha saa ya ukutani na kuinua vidole, nikaelewa kwamba simu inakwenda mpaka Nairobi na kila dakika ina bei yake. Ukurasa ulifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Kwanza mwanamke mzungu mwenye nywele nyeupe, anacheka. Kisha sikio. Kisha kifaa chenyewe, kidogo kama punje ya harage, na kando yake namba kubwa nyekundu: dola 49.

Nilipiga hesabu pale pale. Haifiki elfu nne. Dhidi ya elfu thelathini.

Misheck akasogeza ukurasa chini, kukawa na maandishi madogo mengi. Akasema kitu. Nikasema ndiyo. Akasema kingine kirefu zaidi, anaonyesha kioo kwa kidole, penseli inacheza mdomoni. Nikasema ndiyo. Akanitazama kidogo, nikamwambia, "Ndiyo, Misheck, endelea, dakika zinakwenda." Akajaza fomu ya kuagiza kwa jina langu, kisha akauliza jambo la tatu huku anashika karatasi za printa. Hilo nilidhani nimelielewa: kuchapisha ni shilingi ishirini kila ukurasa, je, achapishe? Nikainua kidole kimoja. Akanipa ukurasa mmoja, ule wenye mwanamke, sikio na dola 49.

Nimeukunja na kuuweka ndani ya Biblia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivi.

Jumatano, 22 Septemba

Nimekopa kwenye sacco ya walimu. Benki wamenitengenezea hundi ya dola 49, na wakakata ada yao ambayo sikuitarajia. Karani alinieleza sababu. Nikasema ndiyo. Nimetuma hundi kwa posta ya rejista.

Jumatatu, 4 Oktoba

Hakuna jipya. Mwalimu Njura alicheka leo nilipojibu swali la Bwana Ngari. Njura anafundisha hesabu, amebakisha miaka mitatu astaafu, na dawati lake liko kushoto kwangu. Ngari aliuliza kitu kuhusu chaki, nami nikajibu kuhusu kwaya. Ndivyo ninavyodhani. Wote walinyamaza, isipokuwa Njura aliyecheka na kumwambia Ngari jambo, na mambo yakaendelea. Nimeamua kutomsalimu kesho.

Jumanne, 12 Oktoba

Mvua imeanza. Ilipopiga mabati ya darasa, watoto waliacha kusoma kwa sauti maana hakuna aliyemsikia mwenzake. Wakati wa mvua sote hatusikii, nami napumzika.

Jumatano, 13 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mvua. Mbae amechimba mtaro nyuma ya jiko. Alisimama mlangoni na jembe akaongea kwa muda mrefu. Nikamwambia sawa. Akanitazama kama mtu aliyeuliza saa akatajiwa jina, na labda ndivyo nilivyomjibu.

Jumanne, 26 Oktoba

Barua kutoka kwa mwalimu mkuu, imepigwa chapa, na nakala yake iko kwenye faili. Mzazi mmoja amelalamika kwamba mtoto wake husoma Kiswahili makosa matupu mbele yangu nami namwambia ameweza. Bwana Ngari atakuja kukaa darasani mwangu Alhamisi tarehe 18 Novemba, kipindi cha pili. Baada ya hapo, imeandikwa, "ataishauri ofisi ya elimu ipasavyo".

Nimesoma neno hilo la mwisho mara nyingi. Sijui lina uzito gani.

Hundi ilitumwa mwezi mmoja na siku nne zilizopita. Kifaa kikifika mapema Novemba, nitakuwa nimekizoea.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimefanya jambo na sijui kama nimefanya haki au dhambi.

Nilikwenda kwa Misheck kuuliza habari. Chumba kilikuwa kimejaa, Jumamosi watu hutoka kila upande. Kulikuwa na mzee wa Mikinduri amekaa kwenye benchi na kofia magotini, akina mama wawili wenye picha za pasipoti, na wanafunzi wa chuo. Misheck akanikabidhi karatasi. Kampuni imejibu. Wamepokea dola 49, wanashukuru, na kifaa kiko tayari. Kitatumwa mara tu nitakapomaliza salio la dola 51.

Hamsini na moja. Salio linalozidi bei.

Nikamuuliza ni salio la nini. Akasema maneno, penseli mdomoni. Nikamwambia aitoe. Akaitoa, akasema tena, lakini printa ilikuwa inanguruma na mama mmoja alikuwa anaongea, na nilichoona ni midomo tu ikifunguka na kufunga. Nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeandika fomu, barua zinapitia kwake, na mimi sijawahi kuona barua yoyote ila ile anayonipa yeye.

Nikasema, na najua nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu watu wote waligeuka, "Misheck, hii pesa ni yako. Kampuni ilisema arobaini na tisa, karatasi ninayo. Wewe umeongeza zako juu kwa sababu umeona ni mwalimu wa kijijini. Wewe ni mwizi."

Alijibu neno moja. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatafuta, akanipa karatasi nyingine. Juu yake palikuwa na tarehe ya siku ile, 18 Septemba, na chini namba 2. Nikaichukua nikatoka. Kwenye ngazi niligeuka. Alikuwa bado amesimama, mikono imelala juu ya meza, na yule mzee wa Mikinduri alikuwa amevaa kofia anajiandaa kuondoka.

Jumapili, 31 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Mbae kichwa kinauma. Ameniletea chai mwenyewe.

Ukurasa wa pili ni wa Kiingereza cha maandishi madogo, lakini Kiingereza nakijua. Kuna visanduku vinne. Usafiri wa haraka, dola 24. Bima ya mzigo, dola 9. Kufunga na kushughulikia, dola 6. Betri za miezi mitatu, dola 12, na chini yake imeandikwa kwamba zitaendelea kutumwa na kudaiwa kila baada ya miezi mitatu mpaka mteja aandike kukataa. Jumla 51.

Kila kisanduku kina alama ya tiki, kama ile ninayomwekea mtoto aliyepata. Mimi sikuweka tiki yoyote. Sikugusa kompyuta ile hata kwa kidole.

Basi aliyeweka ni nani?

Jumanne, 2 Novemba

Nimefikiria hivi. Kama Misheck angetaka kula pesa, angeniambia nimlipe yeye. Lakini barua inasema hundi iandikwe kwa jina la kampuni, kama ile ya kwanza. Basi yeye anakula wapi? Pengine wanagawana. Pengine hawagawani. Kila nikishika upande mmoja wa jambo hili, ule mwingine unaniponyoka.

Na kama tiki zilikuwepo tangu siku ile, kwa nini hakuniambia?

Ijumaa, 5 Novemba

Mambo mawili leo.

La kwanza. Wakati wa chai nilikuta kipande cha karatasi chini ya kikombe changu. Hati ya Njura, ile ya kulalia kushoto: *Ngari amebadilisha zamu. Wewe ni Jumatano, si Jumanne. Amesema hivi punde, akiwa amekupa mgongo.* Nikamtazama. Alikuwa anasahihisha vitabu kama mtu asiye na habari.

Nikafungua mtoto wa dawati langu. Ninavyo vipande kama hivyo vingi, tangu mwaka jana. *Kesho mkutano saa mbili. Ngari ameuliza idadi ya madawati, nimemwambia 22.* Siku zote nilidhani Njura ni mtu wa kupenda kuandika.

La pili. Baada ya shule nilimfuata mpaka getini nikamuuliza amejua lini. Alizunguka akasimama mbele yangu, mwangani, akasema polepole ili nione midomo yake vizuri, "Mama yangu alikuwa hivyo. Alikuwa akisema ndiyo kwa kila mtu."

Nikamuuliza alicheka nini siku ile ya chaki. Akasema alimwambia Ngari kwamba nilikuwa namjibu yeye, Njura, swali la kwaya alilokuwa ameniuliza kabla. Alicheka ili Ngari naye acheke.

Nami mwezi mzima sijamsalimu.

Nimemweleza habari ya dola. Hakunipa ushauri wowote. Aliniuliza tu kama kesho ningependa kwenda na masikio ya kuazima.

Jumamosi, 6 Novemba

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na barabara ya Makutano ni tope tupu. Tulifika saa tano, Njura na mimi, suruali yake imelowa mpaka magotini.

Watu walikuwepo sita. Misheck aliniona akaacha kupiga chapa. Hakunikaribisha. Njura akamsalimu, akasema tunaomba atufungulie ule ukurasa upya, tulipie dakika zake. Misheck akavuta kiti. Halafu akafanya kitu nilichokielewa bila masikio: ukurasa ulipoanza kufunguka aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyekamatwa, akaiacha huko.

Mwanamke. Sikio. Dola 49. Njura akabonyeza mwenyewe kwenda chini. Visanduku vikatokea, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuja na tiki yake ndani. Hakuna aliyegusa kitu. Tiki zilitoka huko huko ng'ambo zikiwa zimeshawekwa. Anayenunua hatakiwi kukubali, ameshakubalishwa. Anatakiwa aone, kisha akatae.

Njura akaondoa tiki moja. Ikatoka kirahisi hivyo. Jumla kule chini ikapungua papo hapo.

Misheck akashusha mikono. Akageuka kwangu, na safari hii penseli ilikuwa mezani. "Mwalimu, siku ile nilikuuliza, hizi alama tuziache ama tuzitoe? Ukasema ndiyo. Nikakuuliza tena, ndiyo tuziache ama ndiyo tuzitoe? Ukaniambia ndiyo, endelea, dakika zinakwenda. Nikauliza nichapishe kurasa zote mbili, ukaonyesha kidole kimoja; wa pili nikauchapisha mwenyewe nikauweka."

Niliielewa yote, neno kwa neno, kwa sababu aliisema taratibu akinitazama, na kwa sababu nadhani nusu yake nilikuwa nikiijua.

Watu sita walikuwa wanaangalia. Wawili walikuwepo wiki iliyopita, niliwatambua. Nilifikiria kusema kwamba ni kelele za printa. Ningeweza kusema shangazi ndiye aliyetaka hivyo.

Nikasema, "Misheck, sikukusikia. Mimi ndiye nisiyesikia, hakuna shangazi. Nilisema ndiyo kwa sababu husema ndiyo nisipojua mtu amesema nini. Jumamosi iliyopita nilikuita mwizi mbele ya watu, na leo nasema mbele ya watu kwamba hukuiba. Nisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa mdomo. Niliingoja sakafu ipasuke. Mama mmoja akasogea kwenye benchi ili nikae.

Misheck hakusema amenisamehe. Alichukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa: NA MIMI NILIKOSA. NILIULIZA TU, SIKUJUA KAMA KUZITOA KUNARUHUSIWA. Kisha akaniandikia kuhusu yule mzee wa Mikinduri. Mzee aliagiza bomba la kunyunyizia dawa, gharama za ziada zikazidi bei ya bomba lenyewe, akaliacha huko huko. Misheck alidhani ndivyo ng'ambo ilivyo. Hakuwahi kujaribu kuondoa tiki.

Tukaandika barua pamoja, sisi watatu, kabla ya kuunganisha simu ili dakika zisitule. Tumekataa bima, betri na usafiri wa haraka. Njura akasema tuulize swali moja tu na tusilipe senti kabla ya kujibiwa: mpaka kifaa kiingie mkononi mwa Mwalimu Kanana, kwa posta ya kawaida, jumla yote ni kiasi gani? Nami nikaongeza: na je, kuna kitu chochote kitakachodaiwa baadaye?

Misheck akaituma. Nilipotoa pesa ya dakika alichukua nusu.

Jumapili, 7 Novemba

Nimemwambia Mbae. Nilimketisha, nikamwambia aseme akinitazama. Alikaa kimya, na safari hii kimya chake kilikuwa kimya kweli. Kisha akasema, "Mimi nilifikiri umenichoka."

Miaka miwili alifikiri hivyo. Nami nilifikiri yeye ndiye aliyechoka.

Ijumaa, 12 Novemba

Njura alipita Makutano akaleta jibu. Posta ya kawaida dola 8, kufunga dola 6, jumla 14. Hakuna cha baadaye. Wameandika "asante kwa kuuliza".

Nimekaa na karatasi hiyo nikijaribu kuwakasirikia na sijui nianzie wapi. Hawakudanganya popote. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, kidogo kidogo, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki.

Kifaa hakitafika kabla ya tarehe 18. Hilo nalielewa vizuri.

Jumatatu, 15 Novemba

Hundi ya pili imeondoka. Karani wa benki alipoanza kueleza ada nilimwomba aiandike kabla hajakata. Akaandika.

Alhamisi, 18 Novemba

Kipindi cha pili. Bwana Ngari aliingia na faili, akaketi nyuma karibu na dirisha. Watoto arobaini na sita walinyooka.

Usiku kucha nilikuwa nimepanga kufundisha sarufi ubaoni tu, kipindi kizima, ili pasiwe na mtoto wa kusema lolote. Nilikuwa nimeshashika chaki. Nikaandika tarehe. Nikageuka nikaona zile nyuso, na Ngari ameinamia faili, na nikaona kwamba nikifanya hivyo atakuja siku nyingine, na nyingine.

Nikaweka chaki chini. Nikawaambia watoto kwamba mwalimu wao hasikii vizuri, kwamba si kosa lao wala langu, na kwamba nimewafundisha vibaya nilipojifanya nasikia. Nikasema kuanzia leo anayesoma atakuja mbele, asimame upande wangu wa kulia, nami nitakuwa na kitabu mkononi nafuata kwa kidole. Na aliyeketi akisikia kosa, ainue mkono.

Hakuna aliyecheka. Au labda walicheka, siwezi kuapa.

Alikuja mtoto wa kwanza, msichana aitwaye Kanini. Alisoma mstari mmoja, mikono mitano ikainuka. Nikamwambia arudie. Nikaweka sikio la kulia karibu naye nikasikia, kama mtu anayeongea ndani ya pipa, "wametosheka" badala ya "wametoweka". Nikamsahihisha. Akaendelea. Tulisoma aya moja na nusu kipindi kizima. Ilikuwa kidogo sana, lakini ilisomwa.

Kengele ilipolia nilijua kwa sababu watoto walisogea. Ngari akaja mpaka mezani. Alisema kitu akiangalia faili. Zamani ningesema ndiyo. Nikamwambia, "Mwalimu mkuu, naomba uniangalie unaposema."

Akainua macho. Akasema, "Nimeuliza, kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia niliogopa neno "ipasavyo".

Ijumaa, 26 Novemba

Shule zimefungwa. Ngari amenipa nakala ya barua yake kwa ofisi ya elimu niisome kabla hajaituma. Ameomba nibaki. Anataka nifundishe insha na sarufi kwa madarasa matatu ya juu, na kusoma kwa sauti kuchukuliwe na mwalimu mwingine. Kwaya amempa Njura, ambaye amenung'unika kweli. Bado sijui ofisi itajibu nini. Ngari naye hajui, na amesema hivyo akinitazama.

Jumamosi, 11 Desemba

Mvua imepungua. Mukami amerudi kutoka Embu, amekuwa mrefu kunishinda. Baba yake alikuwa amemwambia. Anaongea nami kwa mikono kama askari wa barabarani.

Jumatatu, 20 Desemba

Kadi ya posta ya kuniita nichukue mzigo ilifika Ijumaa, leo nimekwenda. Bwana wa kaunta alinisogezea fomu mahali pa kutia sahihi. Nikamwomba kwanza aniandikie ninachodaiwa. Akaandika shilingi, chache, za kuhifadhi mzigo. Nikalipa nikatia sahihi.

Boksi ni dogo kuliko sabuni ya kipande. Kifaa chenyewe hakifanani sana na kile cha kwenye picha, kina rangi ya ngozi ya watu wengine. Njiani nilipita kwa Misheck kumwonyesha. Ametundika karatasi chini ya kibao chake, kwa ile kalamu ya wino mzito: ULIZA JUMLA KABLA YA KULIPA. Aliuliza kama ninamsikia. Nikamwambia nasikia printa yake kuliko yeye. Akaizima.

Sitaandika kwamba nimepona. Kifaa kinakuza kila kitu kwa pamoja: vijiko, kuku, nguo zangu mwenyewe zikikwaruzana. Niliporudi nyumbani kichwa kiliniuma nikakivua. Lakini la kulia, mtu akiwa karibu na hakuna kelele, linapata maneno.

Jumanne, 21 Desemba

Leo asubuhi nilikivaa kabla ya kutoka kitandani. Mbae alikuwa amekwenda kukama. Nilichukua kikombe cha chai nimpelekee, nikasimama nyuma ya ukuta wa mbao wa zizi kwa sababu nilisikia mtu anaongea huko ndani.

Alikuwa yeye, anaongea na ng'ombe. Sauti yake nilikuwa nimeisahau ilivyo chini. Alikuwa anamweleza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyefanya hivyo kila siku kwa muda mrefu: kwamba Mukami amepita hisabati, kwamba mtaro wa jikoni unahitaji mawe, kwamba mvua sasa imepungua. Halafu akamwambia, "Na leo usipige teke ndoo. Mwenye nyumba anasikia."

Nilisimama pale mpaka chai ikapoa.